Moyale hadi Mlima Kenya: Panga kwa Jua na Mwinuko

Mtu akikuambia kwamba siku hizi unaweza kunywa chai ya asubuhi Moyale na ukala chajio Nanyuki, hakudanganyi. Lami ipo mwanzo hadi mwisho. Ni kilomita 250 hivi kutoka Moyale hadi Marsabit, nyingine kama 260 mpaka Isiolo, kisha 80 za kupanda hadi Nanyuki. Gawanya jumla hiyo kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, utapata saa saba na ushei. Mabasi hufika, malori hufika, na vijana wa pikapu za miraa hufika mapema kuliko inavyofaa kusimuliwa mbele ya mama zao. Hesabu haina makosa, ila haifai kupangia likizo ya familia.

Kabla lami haijakamilika katikati ya muongo wa 2010, hakuna aliyekuwa na hesabu ya namna hiyo. Barabara ilikuwa mawe na vumbi, magari yalisubiriana yaende kwa msafara wenye askari, abiria walikaa juu ya lori lililobeba ng'ombe, na kufika Isiolo kulichukua siku mbili, tatu, au zaidi mvua ikinyesha. Hakuna anayezitamani siku zile. Lakini zilikulazimisha kulala njiani, na kulala njiani ndiko kunakokosekana katika mipango mingi ya siku hizi. Sasa kwa kuwa barabara haikulazimishi tena, inabidi ujilazimishe mwenyewe. Kwa hiyo nakushauri upange safari hii kwa jua na kwa mwinuko, kilomita uzifikirie mwisho.

Anza na mwezi. Mvua za masika hunyesha Machi hadi Mei, za vuli Oktoba hadi Desemba, na mlimani ndiko zinakochacha. Kwa anayetaka kupanda, Januari na Februari ndiyo miezi mizuri, kisha Julai hadi Septemba. Wenye watoto wa shule hawana uhuru huo, wanabaki na Aprili, Agosti na Desemba. Kati ya hiyo mitatu chukua Agosti. Aprili iache kabisa. Huko juu ni matope na ukungu, na huku chini laga, yaani mito ambayo karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu, huamka ghafla. Laga inaweza kujaa huku jua linawaka utosini, kwa sababu mvua imenyesha kwenye vilima vya mbali ambavyo hata huvioni. Barabara kuu ina madaraja, lakini ukichepuka kwenda kumsalimia shangazi kule Korr au Kargi, na ukakuta maji yanakatiza njia, zima gari usubiri. Wenyeji husubiri hata kutwa nzima, tena bila aibu yoyote.

Halafu vitambulisho. Unatoka mji wa mpakani, kwa hiyo vizuizi vya ukaguzi ni vingi, na askari ataomba kitambulisho cha kila mtu mzima ndani ya gari. Watu wa kaskazini wamelilalamikia jambo hili kwa miaka mingi na wana haki ya kulalamika, lakini siku ya safari malalamiko hayafungui kizuizi. Weka vitambulisho vyote pamoja kwenye mfuko mmoja karibu na dereva. Kama umebeba mtoto wa ndugu yako, beba na nakala ya cheti chake cha kuzaliwa pamoja na namba ya simu ya mzazi wake. Na kabla ya kuondoka, pita kwenye ofisi za mabasi uwaulize madereva waliofika usiku huo hali ya njia ikoje. Sehemu hizi zimewahi kuwa na uvamizi na wizi wa mifugo, hali hubadilika, na hakuna gazeti litakalokuambia habari za jana usiku kwa usahihi kama dereva aliyepita huko.

Ondoka mwanga ukishatoka, si kabla. Hapa ndipo jua linapoanza kuingia katika mpango. Unaelekea kusini, kwa hiyo asubuhi jua liko kushoto kwako, na katika magari yetu dereva hukaa kulia. Mpaka saa sita dereva yumo kivulini, na wanaochomwa ni abiria wa kushoto. Mchana ukigeuka, zamu inamfikia dereva, jua likimpiga kwenye mkono na shavu la kulia hadi jioni, wakati ambapo tayari amechoka. Ukiliona hilo, utaelewa kwa nini madereva wa zamani hupenda kumaliza kazi kabla ya adhuhuri. Funga leso kwenye dirisha la nyuma la kushoto asubuhi, na watoto wadogo uwaweke upande wa kulia. Ni jambo dogo tu, lakini mtoto ambaye hakuunguzwa na jua saa nne mfululizo ni abiria tofauti kabisa.

Moyale yenyewe iko juu kidogo, mita 1,100 hivi, kwenye ukingo wa nyanda za juu za Ethiopia. Ukishaipita njia panda ya Sololo unateremka kwenye tambarare ya kweli. Baada ya Turbi inakuja Dida Galgalu, uwanda wa mawe meusi ya volkano usio na mti wa kujificha chini yake, na hapo adui wako si joto peke yake bali pia upepo. Unavuma kutoka ubavuni kwa nguvu, na gari lililobeba magodoro juu ya paa huyumba. Mizigo mizito ikae ndani, chini, na ya juu ya paa ifungwe kwa turubai lililokazwa pande zote. Turubai lililolegea upande mmoja litachanika kabla ya Bubisa.

Marsabit utafika kabla ya chakula cha mchana, na kila mtu ndani ya gari atasema tuendelee. Usiendelee. Lala hapo. Sababu ya kwanza ni ya kawaida: dereva amepumzika, gari limepoa, na sehemu ya joto kali zaidi, ile ya Laisamis na Merille, utaipita kesho asubuhi badala ya saa nane mchana. Sababu ya pili ni kwamba Marsabit ni mlima unaosimama peke yake katikati ya ukame, na watoto wanaotoka tambarare watajifunza hapo, kwa gharama ndogo, kwamba kupanda juu kunaleta baridi. Msitu wake unaishi kwa kiasi kikubwa kwa ukungu unaonaswa na miti usiku na kudondoka asubuhi kama mvua. Kama una pesa za kiingilio, wapeleke mbugani wakaone Ziwa Paradise ndani ya shimo la volkano, na uwasimulie habari za Ahmed, ndovu wa pembe ndefu ambaye mwaka 1970 Rais Jomo Kenyatta aliamuru alindwe, akawa na walinzi wake hadi alipokufa mwaka 1974. Jioni hiyo toeni masweta. Atakayegundua kwamba lake limesahaulika Moyale atakuwa bado na Isiolo na Nanyuki za kununulia jingine.

Mafuta ni kanuni fupi: jaza Moyale, jaza Marsabit, jaza Isiolo, hata mshale ukiwa nusu. Petroli ya chupa inayouzwa kando ya njia hujui imechanganywa na nini.

Siku ya pili ndiyo inayohitaji macho. Ondoka Marsabit alfajiri ikishapambazuka, pita Logologo, na ukifika Laisamis uwe tayari umeshakula, maana kuanzia hapo utakutana na mifugo. Mbuzi wa kwanza akivuka barabara usidhani amemaliza, nyuma yake wako wengine thelathini, na nyuma yao mtoto mchungaji anayewatazama mbuzi wala halioni gari. Punguza mwendo kwa yule mtoto. Siku ya mnada Merille barabara hugeuka kuwa sehemu ya soko, na kupiga honi kunawatawanya wanyama kuelekea kwako badala ya kuwaondoa. Ngamia ni habari nyingine. Miguu yake mirefu hukatwa na bampa, na mwili wake wote hukuangukia kwenye kioo. Usiku macho yake yako juu kuliko mwanga wa taa za chini, kwa hiyo huyaoni yaking'aa kama unavyoona ya mbuzi au punda. Sioni hoja nyingine inayohitajika dhidi ya kusafiri usiku katika njia hii, ijapokuwa zipo.

Kando ya barabara, hasa wakati wa kiangazi, utawaona watoto wameinua chupa tupu au mitungi. Wanaomba maji. Watu wengi wenye moyo mzuri huwarushia chupa dirishani huku gari likiendelea, na matokeo yake ni watoto watano kukimbilia chupa moja kwenye lami, mbele ya lori linalokuja. Ukitaka kusaidia, beba mtungi wa ziada wa lita 20, toka kabisa nje ya lami, zima gari, umimine taratibu kwenye chombo cha kila mmoja. Itakuchukua dakika kumi. Kama huna dakika hizo, wapungie mkono upite, ni salama kwao kuliko chupa ya kurushwa.

Ukiukaribia mlima Ololokwe, lile jabali lenye kichwa bapa linaloonekana kutoka mbali, utajua uko Samburu na kwamba Archers Post haiko mbali. Piga picha ya mlima utakavyo, ya mtu uombe kwanza. Pale Archers Post unavuka Ewaso Nyiro, na kwa kuwa mbuga za Samburu na Buffalo Springs zimepakana na eneo hilo, tembo na pundamilia wanaweza kuwa barabarani wakati wowote. Tembo akiwa njiani, simama mbali, acha injini ikiunguruma, na usijaribu kupita nyuma yake eti nafasi inatosha. Kutoka hapo hadi Isiolo hakuna umbali.

Nalo ombi langu linalopingwa kuliko yote ni hili: lala Isiolo. Nanyuki iko kilomita 80 tu, kuna hoteli nzuri zaidi, na ni saa tisa tu alasiri. Najua. Lakini ukipanda jioni, injini imeshachemka tangu Marsabit, kuanzia Timau unaelekea magharibi na jua linakuja usoni moja kwa moja, na ule mlima uliousafiria siku mbili umejifunika mawingu. Mlima Kenya huonekana alfajiri. Kufikia saa nne asubuhi, siku nyingi mawingu yameshapanda kutoka msituni na kufunga vilele. Anayetoka Isiolo saa kumi na mbili asubuhi anaupata mlima wote mbele yake, theluji na mawe, tangu anapoanza kupanda. Anayepanda jioni anaona ukungu na mataa ya malori.

Isiolo pia ni mji wa mafundi, na usiku wa hapo ni wa gari. Usipime upepo wa tairi ukifika. Tairi lililotoka Merille limepashwa moto na lami, namba yake iko juu, na fundi asiye makini atakuambia upunguze. Ukipunguza, asubuhi litakuwa laini, na tairi laini linalopanda mlima na mzigo hujikunja pembeni, hupata joto na hupasuka. Pima alfajiri, kabla gari halijasogea. Ukifika Nanyuki pima tena asubuhi inayofuata, kwa sababu baridi ya huko itashusha namba, hata kama hewa nyepesi itairudisha kidogo. Kifuniko cha rejeta nacho kisiguswe gari likiwa moto, hata fundi akikuhakikishia ameshafanya hivyo mara nyingi. Subiri lipoe, ongeza maji yenye kizuia-kutu badala ya maji ya mfereji, angalia mkanda wa feni na mafuta ya breki, kisha nenda kalale.

Mwinuko wa kwanza utakaoupanda unaanza punde tu baada ya mji. Isiolo iko kwenye mita 1,100 hivi, Timau iko juu ya mita 2,000, na kati yake ni safari ya saa moja tu. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita elfu unazopanda, kwa kuwa hewa inayoingia ni nyepesi. Kwa maneno ya barabarani, Probox iliyoyapita malori mawili kwa mpigo kule Logologo haitaweza hapa, na ni vyema dereva akalijua hilo kabla hajatoka kwenye mstari wake. Tumia gia ndogo mapema, zima kiyoyozi, na tazama mshale wa joto. Mshale ukipanda kupita kawaida, simama mahali pa wazi, acha injini izunguke taratibu dakika chache kabla ya kuizima.

Ndani ya gari watoto watashika masikio. Mpe kila mmoja kitu cha kumeza au kutafuna, na mtoto mchanga anyonyeshwe, maana kumeza ndiko kunakofungua masikio. Kama umebeba pakiti za krisps kutoka Moyale, zitoe uwaonyeshe. Kufikia Timau zitakuwa zimevimba kuliko zilivyokuwa nyumbani. Hewa iliyofungiwa ndani ni ileile, ya nje ndiyo iliyopungua uzito. Mtoto akishaishika ile pakiti kwa mikono miwili, hutahitaji kumweleza sana kwa nini mlimani ataambiwa atembee polepole.

Timau utaona mashamba ya ngano, viazi vimepangwa kwenye ndoo kando ya njia, na watu wamevaa kofia za sufu mchana. Nanyuki iko chini kidogo, mita 1,900 na ushei. Kaa hapo usiku mbili kabla ya kufikiria kwenda juu zaidi. Ndiyo, mbili. Anayeshuka kutoka ndege Nairobi ameshalala kwenye mita 1,700, lakini wewe umetoka kwenye joto la tambarare, umeketi garini siku tatu, na kama ni mtu wa kaskazini huenda umekunywa chai kuliko maji. Mwili unadai.

Sasa mlima wenyewe. Kilele cha juu, Batian, kina mita 5,199, na Nelion mita 5,188. Hivyo ni vya wapanda miamba wenye kamba. Watembeaji huenda Lenana, mita 4,985, na hiyo inatosha kabisa. Kwa anayetoka kaskazini lango rahisi ni Sirimon, ambalo njia yake ya pembeni iko kabla hujaingia Nanyuki. Lango liko karibu mita 2,650. Kambi ya kwanza, Old Moses, iko mita 3,300, nayo ni mwendo wa nusu siku kwa miguu. Kambi inayofuata, Shipton's, iko mita 4,200. Itazame ile nafasi ya kati, ni mita 900 kwa siku moja. Ushauri wa madaktari wa milimani ni kwamba ukishavuka mita 3,000, sehemu unayolala isipande zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike. Kambi hazikupangwa kwa ushauri huo. Kwa hiyo lala Old Moses usiku mbili, mchana wa kati upande kidogo na kurudi, na ukifika Shipton's lala tena mbili kabla ya kujaribu Lenana. Makampuni mengi yatakuuzia safari fupi zaidi kwa bei nafuu. Ufupi wake ndio unaowafanya watu wengi watapike njiani.

Maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na kukosa usingizi ni dalili za kawaida za ugonjwa wa mwinuko. Mwenye hizo asipande, alale palepale mpaka zipungue. Zisipopungua ateremke. Lakini mtu akianza kuyumba, akashindwa kutembea kwa mstari akigusisha kisigino na kidole, akachanganyikiwa, au akahema sana hali amekaa, au akakohoa makohozi yenye povu la rangi ya waridi, hakuna kusubiri asubuhi. Mteremsheni saa hiyo hiyo, hata kama ni saa nane za usiku na mvua inanyesha. Kiongozi mzuri ataamua hivyo bila kukuuliza. Ndiyo sababu kiongozi si wa kukwepa, na si busara mtu kupanda peke yake hata akiwa na nguvu za simba. Dawa ya kuzuia ipo, lakini iulize kwa daktari kabla ya safari, kwa kuwa haimfai kila mtu. Wenye selimundu, ugonjwa wa moyo, mimba au shinikizo la damu lisilotulia wamwone daktari hata kama hawakusudii kuvuka lango.

Jambo moja ambalo watu wa nyanda za juu husahau kukuambia, kwa kuwa haliwahusu: malaria. Kule chini, hasa baada ya mvua, mbu wapo, na malaria huchukua siku saba au zaidi kabla ya kujitokeza. Unaweza kuumwa na mbu Laisamis ukaugua Nanyuki. Homa kali si dalili ya kawaida ya mwinuko. Mtu akichemka mwili na kutetemeka mlimani, au hata wiki kadhaa baadaye, mweleze daktari kwamba alipita tambarare, akapimwe damu.

Kuhusu chakula, acha maharage nyumbani. Kwenye mita 4,200 maji huchemka kwenye nyuzi 86 hivi badala ya 100, na maharage au githeri mbichi vitakaa jikoni hadi gesi iishe. Beba vilivyokwisha kupikwa. Hapa watu wa kaskazini wamebarikiwa kuliko watalii wote: nyirinyiri, ile nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaangwa mpaka ikauke na kuhifadhiwa kwenye samli, haiozi njiani, haihitaji maji, na ina mafuta mengi ambayo mwili uliopoa unayapenda. Ila mtu mwenye kichefuchefu cha mwinuko hataiweza, kwa hiyo beba na biskuti, sukari, ndizi na tangawizi. Chapati hukaa siku mbili bila shida. Maji ndiyo usisahau. Mkojo wako ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, hujanywa ya kutosha. Na kama safari imeangukia Ramadhani, kumbuka msafiri ana ruhusa ya kulipa siku zake baadaye. Kupanda mlima ukiwa na kiu ya saa kumi na mbili si kazi ya mtu anayeujali mwili wake.

Nguo hazihitaji pesa nyingi. Mitumba ya Nanyuki ina makoti mazito yaliyovaliwa na watu wa nchi za baridi, na mifuko ya kulalia na viatu hukodishwa mjini. Usinunue viatu vipya siku moja kabla. Alfajiri ya kwenda Lenana joto huwa chini ya sifuri, na soksi za pamba zilizolowa ni mbaya kuliko kutovaa kitu, kwa hiyo tafuta za sufu. Kofia ya jua na mafuta ya midomo viwepo pia. Jua la huko juu huunguza hata wewe uliyezaliwa jangwani, kwa sababu hewa ya kulizuia ni kidogo.

Ada ya hifadhi hulipwa kupitia eCitizen, na mtandao kwenye lango si wa kutegemewa. Lipa ukiwa mjini, uhifadhi risiti kwenye simu na kwenye karatasi.

Si lazima wote wapande. Nyanya, wajawazito na watoto wadogo wana mengi ya kufanya chini ya mita 2,500. Msitu wa Ngare Ndare, upande wa Timau, una njia ya kutembelea juu ya matawi ya miti, maporomoko na madimbwi ya maji ya rangi ya buluu ambayo hata mwenye kuogopa maji huyakaribia. Tangu mwaka 2013 msitu huo pamoja na Lewa vimo ndani ya eneo la urithi wa dunia la Mlima Kenya, kwa hiyo atakayebaki hapo asihesabiwe kwamba hakufika mlimani. Kwenye alama ya ikweta nje ya Nanyuki kuna vijana wanaoonyesha maji yakizunguka kwenye karai upande mmoja kaskazini na upande mwingine kusini. Ni mazingaombwe, hatua chache kutoka kwenye mstari haziwezi kuyageuza maji. Lakini watoto hufurahi, na anayeonyesha anatafuta riziki, mpe chochote.

Kurudi kuna hatari yake, nayo ni zile kilomita za kuteremka kutoka Subuiga, ukishaipita Timau, kwenda Isiolo. Gari limejaa viazi vya Timau, dereva ana furaha, na mguu unakaa kwenye breki muda wote. Breki zinazokanyagwa bila kuachiwa hupata moto hadi zikashindwa kushika. Teremka kwa gia ile ile ambayo ungeitumia kupanda, wenye gari la gia otomatiki washushe hadi 2 au L, na breki zikanyagwe kwa nguvu kwa muda mfupi kisha ziachiwe. Ukisikia harufu ya kuungua, toka njiani usimame nusu saa, usimwagie magurudumu maji. Isiolo pima tena matairi alfajiri kabla ya kuondoka, sasa namba itakuwa imepanda kwa joto la huko. Jaza mafuta, lala, kisha uondoke mapema kiasi cha kuwa Marsabit kabla ya saa nane. Safari hii unaelekea kaskazini, na asubuhi upande unaochomwa ni wa dereva.